Nguchiro wa mtumba na BMX nyeusi isiyo na jina

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga. Nimenunua baiskeli ndogo ya BMX ya mtumba kwa laki moja na ishirini, imeandikwa Mongoose ubavuni. Fundi wa mtaani kwetu kasema hiyo ni ya Mchina tu, stika isinibabaishe. Kaka yangu, aliyewahi kufanya kazi melini, anabisha kwamba Mongoose ni kampuni ya Marekani ya tangu zamani. Nani mkweli? Na ni kampuni zipi hasa zilizotengeneza BMX zamani, na zipi zipo sasa? Halafu rafiki yangu ana BMX nyeusi haina jina lolote, sproketi yake ndogo kama kisosi cha kahawa, nati za nyuma nene. Anataka tubadilishane, nimwongezee elfu thelathini. Nikubali?

Jibu: Marahaba mwanangu. Fundi wako na kaka yako wote wamesema kweli, ila kila mmoja kashika upande wake wa baiskeli. Mongoose kwa Kiswahili ni nguchiro, yule mnyama anayepigana na nyoka, na kampuni yenye jina hilo ilizaliwa California. Hiyo yako, kwa picha uliyonitumia ya chini ya krenki, ile mikono inayoshika pedeli, imechomelewa China, na imeandikwa wazi. Katikati ya hayo mawili pana miaka hamsini ya jina kuuzwa mkono kwa mkono. Nitakueleza kwa urefu, maana jibu la ile nyeusi ya rafiki yako limo humo humo.

Kabla ya kampuni yoyote kutengeneza BMX, watoto walikuwa wameshaitengeneza wenyewe. Mwaka 1963 kampuni ya Schwinn ya Chicago, iliyokuwepo tangu 1895, ilitoa baiskeli iitwayo Sting-Ray: magurudumu ya inchi 20, usukani ulionyanyuka kama pembe za ng'ombe, siti ndefu mfano wa ndizi. Wazo halikuanzia kiwandani. Al Fritz, mtu wa Schwinn, alisikia kwamba vijana wa California wanajiundia vibaiskeli vya namna ile, akalichukua wazo kwenda nalo Chicago. Sting-Ray ikauzwa kama njugu. Miaka michache baadaye watoto wa kusini mwa California wakaanza kuzivua madigadi na kila kitu kisicho na kazi, wakaenda nazo kwenye viwanja vya vumbi kuigiza mashujaa wao wa mbio za pikipiki. Hapo ndipo lilipotoka jina: B ni baiskeli, M ni "moto" ya motokrosi, na ile X ni alama ya msalaba, husomwa "krosi".

Novemba 1970, pale Long Beach, kijana wa miaka 13 aitwaye Scot Breithaupt aliwakusanya wenzake kwenye kiwanja kitupu, akawatoza senti 25 kila mmoja, akaendesha mbio. Vikombe vya washindi alivitoa nyumbani kwao. Vilikuwa vyake mwenyewe, alivyoshinda kwenye pikipiki. Likumbuke jina la huyu kijana, tutakutana naye tena.

Tatizo ni kwamba Sting-Ray haikuundwa kuruka. Iliundwa kumpeleka mtoto shule na kumrudisha. Ukiruka nayo kutoka kwenye kilima cha udongo, rimu inakuwa kama chapati, foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inapinda, na siku ya siku fremu inaachana na shingo. Na mimi kila nikizitazama kampuni za mwanzo za BMX naona zote zimezaliwa hapo: kila moja ina kitu chake kilichovunjika.

Mongoose ilizaliwa na gurudumu. Skip Hess, wa Simi Valley, California, aliona jinsi magurudumu ya spoku yanavyokufa chini ya watoto, akabuni gurudumu la kumimina, zima, lisilo na spoku hata moja, akaliita Motomag. Hiyo ni 1974. Kampuni yake iliitwa BMX Products, nguchiro alikuja baadaye kidogo pale alipoanza kuuza na fremu. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kampuni ya baiskeli ilianza bila baiskeli. Wengi walianza hivyo.

Redline ilizaliwa na foku. Mwanzilishi wake mmojawapo alikuwa Linn Kastan, ambaye tangu 1970 alikuwa akiunda fremu za pikipiki. Foku za baiskeli ndogo za wakati ule zilikuwa za chuma kizima kilichofuliwa, nzito, na zikipinda zimepinda. Kastan mwaka 1974 akatoa foku ya mabomba ya kromoli. Neno hili nitalirudia sana, basi nilieleze mara moja: kromoli ni chuma kilichochanganywa na kromiamu karibu asilimia moja na molibdeni kidogo mno, kama sehemu mbili katika elfu. Kabla ya hapo kilikuwa chuma cha mabomba ya ndege na magari ya mashindano. Faida yake ni kwamba bomba linaweza kuwa na ukuta mwembamba na bado likahimili kishindo. Namba yake ya kiwandani ni 4130. Ukiiona namba hiyo kwenye stika ya fremu ujue mtu alilipia kitu. Baadaye Kastan huyo huyo akaleta krenki ya vipande vitatu, nayo nitairudia, maana ndiyo itakayokusaidia kwa rafiki yako.

GT ilizaliwa na fremu. Herufi hizo ni za Gary Turner, fundi wa kuchomelea aliyekuwa kwenye ulimwengu wa magari ya mbio fupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alimuundia mwanawe fremu ya kromoli, wenzake wakaiona, wakataka. Alimpata mshirika, Richard Long, mwenye duka la baiskeli Anaheim, na 1979 wakaanzisha kampuni. Mmoja ana mkono wa kuchomelea, mwingine ana kichwa cha biashara. Kwa maoni yangu hakuna kampuni ya BMX iliyowahi kuwa na wawili waliofaana kama hao. Ilikua mpaka ikawa mojawapo ya majina makubwa ya baiskeli Marekani, ikaingia sokoni kwa hisa 1995, na mwaka uliofuata Long akafariki kwa ajali ya pikipiki. Baada yake haikuwa GT ile.

Na Scot Breithaupt? Mwaka 1977 naye alianzisha kampuni, SE, kifupi cha Scot Enterprises. Humo ndimo ilimotoka PK Ripper, fremu ya aluminiamu iliyobeba herufi za jina la mshindani wao Perry Kramer. Ukiiona mara moja hutaisahau: mabomba yake yamebanwa yakawa bapa ubavuni, na kule nyuma, panaposhikia ekseli, bomba moja limekunjwa likarudi kama kitanzi. Wamiliki wa SE wamebadilika, Breithaupt amefariki 2015, lakini PK Ripper bado inauzwa hadi leo. Siku hizi SE wanajulikana zaidi kwa kaka yake mkubwa, Big Ripper ya inchi 29, ile vijana wa New York na London wanayoiendesha barabarani kwa tairi la nyuma peke yake, la mbele limeelekea mbinguni. Mimi mzee siipendi, lakini inauzika.

Kampuni za pikipiki zenyewe zilijaribu kuingia. Yamaha mwaka 1974 walitoa baiskeli yenye springi mbele na nyuma, ukiitazama kwa mbali ni pikipiki kabisa. Ilipendeza, ila nzito, na kwenye mbio uzito haulipi. Watoto walitaka kitu chepesi kisichovunjika. Springi walikuwa nazo kwenye magoti.

Skyway wa Redding, California, walichukua njia nyingine kwenye tatizo lile lile la gurudumu. Badala ya kumimina metali walimimina nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, likawa gurudumu la mikono mitano liitwalo Tuff Wheel. Hilo bado wanalitengeneza, huko huko Redding. Kama umewahi kuona kwenye mitumba baiskeli ndogo yenye magurudumu ya plastiki ya rangi, ama ni hilo au ni mtoto wake wa kuiga. Ya kuiga hupasuka pale mkono unapoungana na rimu, na hakuna gundi ya kuiponya. Usinunue.

Miaka ya 1980 ndiyo BMX ilipofika kila mahali. Kuna kijana mchoraji aitwaye Bob Haro, mwaka 1978 alikuwa akitengeneza chumbani kwake vile vibao vya namba vinavyofungwa mbele ya usukani wakati wa mbio. Alikuwa pia na michezo yake ya ajabu, kusimama juu ya baiskeli, kuizungusha, kurudi nyuma. Mwaka 1982 ikatoka fremu yenye jina lake iliyoundwa mahsusi kwa michezo hiyo, ikichomelewa na kampuni nyingine iitwayo Torker. Tazama hapo: mwaka 1982 tayari jina ni la mmoja na kuchomelea ni kwa mwingine, na wote wako California. Mambo ya stika hayakuanzia China.

Mwaka huo huo 1982 ilitoka ile filamu ya watoto wanaomficha kiumbe kutoka sayari nyingine kwenye kikapu cha baiskeli. Baiskeli zile zilikuwa Kuwahara, kampuni ya Osaka, Japani, iliyokuwepo tangu 1918. Haro mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioendesha kwenye zile sehemu za kukimbizana. Watoto wa nchi chungu nzima wakatoka sinema wakidai baiskeli. Uingereza waliodaiwa ni Raleigh wa Nottingham, ambao mwaka 1982 walitoa Raleigh Burner. Raleigh unaijua, au babu yako anaijua: ni hao hao waliotuletea zile baiskeli ndefu nyeusi zenye kengele na kibebeo. Kumbe wakati huku mtu anabeba gunia la mkaa kwa Raleigh, kule Uingereza mtoto anaruka matuta kwa Raleigh. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa 2002.

Nitazipita haraka nyingine za enzi hiyo: Diamondback, California, 1977, Hutch ya Maryland, iliyokuwa ghali na yenye kung'aa, na Schwinn wenyewe, ambao walimzaa mtoto huyu bila kujua, wakachelewa kumtambua, na 1992 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 soko likaanguka. Watoto wa Sting-Ray walikuwa wamekua, na baiskeli za milimani zimeingia na gia zake. Kampuni kubwa zikawaacha washindani wao bila mishahara. Kipindi hiki watu hukipita haraka wakisimulia, lakini kwangu ndicho chenye utamu wote, kwa sababu hapa waendeshaji walichoka kusubiri, wakaanza kujitengenezea.

S&M ni kampuni ya Chris Moeller na Greg Scott, 1987, herufi ni za majina yao ya ukoo. Walikuwa vijana waliokuwa wakivunja fremu, wakataka isiyovunjika, basi. Ipo Santa Ana, na fremu zao hadi leo zinachomelewa Marekani. Mat Hoffman, bingwa wa kuruka kwenye ukuta wa nusu duara, naye alianzisha Hoffman Bikes Oklahoma City mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu hiyo hiyo: alikuwa akiruka juu kuliko fremu za wenzake zilivyotarajia. Rick Moliterno akaanzisha Standard kule Davenport, Iowa. Kink ilianza 1994, leo ipo Rochester, New York. Wajerumani wa Cologne wakaanza WeThePeople 1996. Baadaye Sunday, 2005, ya Jim Cielencki. Waskoti wana BSD huko Glasgow, Waingereza wana Federal, Wahispania Fly, Waaustralia Colony. Na Cult ya Robbie Morales, 2010. Karibu zote hizi mwenyewe ni mwendeshaji, au alikuwa.

Hawa ndio waliobadilisha umbo la BMX likawa hilo unaloliona kwa rafiki yako. Chukua sproketi. BMX ya 1985 ilikuwa na meno 44 mbele na 16 nyuma. Ukigawanya 44 kwa 16 unapata 2.75, maana yake kila krenki ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili na robo tatu. Sasa chukua meno 25 mbele na 9 nyuma: ni 2.78. Mwendo ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba ile sproketi kubwa kama sahani ya ubwabwa ilikuwa ikigonga ukingo wa zege kila unapojaribu kuteleza juu yake, ikapinda, na cheni ikaruka. Hii ndogo haigongi kitu, na cheni inakuwa fupi na nyepesi. Wazo dogo tu, lakini halikutoka kwenye ofisi ya kampuni kubwa. Lilitoka kwa watu waliochoka kununua sproketi.

Kuna pia watengenezaji wa vipuri, ambao jina lao hulioni ubavuni lakini bila wao hakuna BMX. Odyssey, tangu 1985, ndio walioeneza Gyro, kile kifaa cha shingoni kinachogawa kebo ya breki ili usukani uzunguke duara zima bila kebo kujisokota. Profile Racing wa Florida walitoka kwenye magari ya mashindano, wakaja na krenki ambazo ekseli yake ina meno 48 kuzunguka ncha, zinaingia kwenye mkono wa krenki kwa kubana kiasi kwamba kuitoa unahitaji kifaa chake. Nimewahi kuishika moja iliyokuja ndani ya furushi la mtumba, imechakaa rangi yote, na haina mchezo hata wa unywele. Nilimwambia mwenye mzigo ukweli kuhusu bei yake. Mke wangu hajanisamehe.

Upande wa mbio nao haukufa. BMX iliingia Olimpiki 2008 Beijing kwa mbio, na ile ya michezo ikaingia kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Fremu za mbio siku hizi ni aluminiamu au nyuzi za kaboni, na majina utakayoyakuta huko ni kama Chase, Supercross, na Meybo ya Uholanzi, pamoja na wakongwe kama Haro na DK. Hizo mtumba wa kwetu hauzioni mara nyingi, na ukiiona ya kaboni iliyotumika achana nayo: ufa wa kaboni unajificha ndani.

Sasa turudi kwa nguchiro wako. Hess aliuza kampuni 1985. Ikapita mikono kadhaa, na mwaka 2000 ikanunuliwa na Pacific Cycle, kampuni ambayo biashara yake ni kununua majina yaliyokwisha kupendwa na kuyauza kwa wingi kwenye maduka makubwa kama Walmart. Mwaka mmoja baadaye Schwinn, ambao walikuwa wamekwisha kuinunua GT, walifilisika tena, na Pacific ikazichukua zote mbili. 2004 Pacific yenyewe ikanunuliwa na Dorel ya Kanada, na 2022 Dorel wakauza kitengo cha baiskeli kwa Pon ya Uholanzi. Basi hesabu mwenyewe: Schwinn iliyomzaa mtoto, Mongoose na GT zilizomlea, na zote zilikuwa zikigombania mteja mmoja, zikaishia kulala chumba kimoja. Na GT mwishoni mwa 2024 ilitangaza kusimamisha kutoa modeli mpya. Hiyo iliniuma, nakiri.

Uchomeleaji nao ulihama. Ulitoka California ukaenda Japani na Taiwani, halafu sehemu kubwa ikaenda China, kwa sababu ile ile inayohamisha viwanda vyote: gharama. Lakini usije ukafanya kosa la fundi wako kudhani China maana yake ni takataka. Hao waendeshaji niliokutajia, wa Cologne na Glasgow na Rochester, fremu zao nyingi zinatoka Asia vile vile, hasa Taiwani, na ni ngumu kuliko nyingi za California za zamani. Tofauti ni nani aliagiza, na aliagiza nini. Kiwanda ni kama fundi cherehani, ukimpa khanga anakushonea khanga, ukimpa suti anakushonea suti. Mongoose ya dukani Walmart iliagizwa iwe rahisi. Mongoose ya modeli iitwayo Legion, yenye kromoli, iliagizwa iruke. Stika ni moja.

Kwa hiyo acha stika, tushike chuma. Pindua nguchiro wako, siti na usukani chini. Tazama krenki: kama mkono wa kulia, ekseli na mkono wa kushoto ni chuma kimoja kilichokunjwa kama herufi Z, hiyo ni krenki ya kipande kimoja, ya baiskeli ya bei nafuu. Kama mikono imefungwa kwa boliti pembeni na ekseli imepita katikati, ni ya vipande vitatu, ile ya Kastan. Kisha chukua spana namba 15 uweke kwenye nati ya nyuma. Ikiingia, ekseli ni ya kawaida ya milimita 10 hivi. Ikikataa, na spana 17 ikakubali, hiyo ni ekseli ya milimita 14, na mtu hafungi ekseli ya milimita 14 kwenye baiskeli ya kwenda dukani kununua chumvi. Tazama na tairi, ubavuni kuna namba ndogo: ikiwa 406 utapata tairi mjini popote, ikiwa 451, ambayo nayo huitwa inchi 20, utahangaika mpaka uchoke, na tairi la 406 halitaingia kamwe hata ulipake sabuni.

Kwa picha zako, nguchiro ana krenki ya kipande kimoja, nati za 15, na hakuna 4130 popote. Ni baiskeli nzuri ya kuendea sokoni na kurudi. Kwa laki moja na ishirini hujaibiwa, ila usiruke nayo ngazi. Nimewahi kuletewa kijana aliyefanya hivyo na baiskeli ya daraja hilo, jina lake nalihifadhi. Usukani ulikatika pale unaposhikwa na shingo, meno mawili yakabaki kwenye lami.

Ile nyeusi ya rafiki yako kwenye picha ya pili ina krenki ya vipande vitatu. Sproketi nilihesabu meno, ni 25. Nati za nyuma ni nene kama unavyosema. Kuhusu jina, waendeshaji wana tabia ya kubandua stika siku ya kwanza, wengine kwa mbwembwe, wengine ili isitamaniwe na wezi. Kwa hiyo kukosa jina kwenye baiskeli ya namna hii hakunitishi, kunanipa hamu. Inawezekana kabisa ni moja ya zile za waendeshaji.

Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine. Baiskeli ya namna hiyo imekwisha kurushwa na mtu, na kwa nguvu. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa fanya hivi. Osha shingo ya fremu, hasa chini yake pale bomba la chini linapochomelewa, na foku pale inapoingia shingoni. Kausha. Paka mafuta ya taa kwa brashi, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke kabisa, halafu sugua chaki nyeupe juu ya mshono wote wa kuchomelea. Kaa chini, kunywa chai. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yakachora mstari mweusi kwenye chaki, mwembamba kama unywele, hata kama jicho halikuona kitu. Ukiuona mstari huo, mshukuru rafiki yako, mrudishie, na mwambie asiiendeshe na yeye.

Chaki ikibaki nyeupe, mpe nguchiro na elfu thelathini yake, na usiombe punguzo.